Saa Uliyonitumia Haioni Miguu

Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, baada ya chai ya mchana.

Mpendwa mpwa wangu, mama,

Marahaba. Shikamoo yako uliyoitanguliza kwenye ujumbe wa simu nimeipokea kwa mikono miwili, ingawa nyuma yake ulipakia mzigo mzito. Kwanza tujuliane hali. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Yale mafua yaliyokukaba mpaka sauti ikawa kama ya chura, yamekuachia? Na mjukuu wangu, lile jino lililokuwa linawanyima usingizi, limetoka au bado linajivuta?

Mimi ni mzima. Si mzima wa kusema tu. Kifua hakikoromi, macho yanamwona nzi aliyetua juu ya mnara wa simu na kumtambua kama ni dume au jike, na chakula nakula mpaka sufuria inaomba likizo. Hapo ondoa wasiwasi.

Nimechukua karatasi kwa sababu jambo hili haliingii kwenye simu. Vidole vyangu ni vinene, nikigusa herufi moja zinakuja tatu. Na ukinipigia unakuwa kazini, watu wanakuita huku na huku, naishia kusema "sawa, sawa, mama" kabla sijaanza. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto anakuja huko Alhamisi kwa likizo yake. Nimemwomba barua akuwekee mkononi. Usimwache aondoke bila kukaa, ni mtu wa watu.

Sasa tuje kwenye ujumbe wako. Umesema kwenye simu yako unaona umbali ninaotembea, unaoletewa na saa ya mkononi uliyonitumia, umeanguka vibaya. Kwamba zamani jioni nilikuwa natembea kilomita tatu mpaka nne, ukafurahi, na sasa jioni sitembei kabisa, na mchana ni kidogo mno. Umesema miguu yangu imechoka na nawaficha. Umesema wewe na kaka yako mmekubaliana, mwisho wa mwezi niache kazi, nikae nyumbani nipumzike, ya matumizi mtaleta ninyi. Na nisipomwambia msimamizi wangu, utampigia mwenyewe.

Mama, nilipousoma ujumbe huo nilikaa kitandani nikaiangalia miguu yangu. Nayo ikaniangalia.

Nakuomba kitu kimoja. Usiinue simu kabla hujafika mwisho wa barua hii. Msimamizi wangu ni mtu wa kusikia nusu ya neno. Ukimwambia "miguu ya mjomba", kabla hujameza mate toroli langu limeshapewa mtu mwingine, na mimi nimeshaandaliwa kikombe cha zawadi chenye picha ya maua. Wawili kabla yangu wameondoka hivyo hivyo. Kikombe, makofi, mlango.

Miguu hii unaijua, au umesahau kwa kukaa mbali? Nani aliyekubeba mabegani ulipokuwa mdogo, kutoka kwa mama yako mpaka kliniki, mvua inapiga, na ukafika mkavu kwa sababu nilikuwa napita katikati ya matone? Mwaka ule basi la wafanyakazi liliponiacha, nililikimbilia, nikalipita, nikafika kazini, nikapiga pasi shati, nikatoka nje kulipokea. Dereva bado yuko hai, muulize. Atakataa, kwa sababu ya aibu. Pale hospitalini hakuna anayeniita jina langu. Wananiita Injini, kuanzia mfagiaji mpaka daktari wa mifupa, na daktari wa mifupa si mtu wa kutoa jina bure.

Kwa hiyo nilijua kosa haliko kwangu. Jumatatu nilipotoka kazini nikapitia kwa fundi simu wa pale kona, yule mwenye kibanda cha vioo kama kabati la dawa.

"Fundi," nikamwambia, "saa hii inanichongea kwa watoto."

"Inasemaje, mzee?"

"Inasema sitembei."

"Kwani unatembea?"

Nikamuuliza, mtu huyu aliyesimama mbele yako unadhani amefikaje hapa, ameshushwa kwa helikopta? Akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kisha akanivua saa, akaigeuza tumbo juu.

"Mzee, hii haioni miguu. Ndani yake kuna kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kazi yake ni kusikia mtikisiko. Ukitembea, mkono unakwenda mbele unarudi nyuma, mwili unapanda unashuka. Kikisikia mtikisiko unaokuja kwa mpango, moja mbili, moja mbili, kinasema hizo ni hatua."

"Kwa hiyo haijui kama nina miguu?"

"Haijui hata kama una viatu."

"Na hizo kilomita inazitoa wapi?"

"Inakisia tu. Ulipoiwasha mara ya kwanza ilikuuliza urefu wako, si ndiyo? Basi, mtu mrefu hatua yake ni ndefu, mfupi hatua yake ni fupi. Inachukua urefu wako inajitungia hatua yako ya kawaida. Halafu kila mtikisiko inaouhesabu inaupa urefu wa hatua hiyo, inajumlisha, inakwambia umeenda umbali huu. Ukiburuta miguu, ukiruka dimbwi, yenyewe inakupimia ile ile."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa nimeshahisi hivyo, nilitaka tu kuona kama na yeye anajua kazi yake. Akabonyeza bonyeza, akaguna.

"Mzee, huku urefu umeandikwa futi sita na nusu."

"Ndiyo."

"Hebu simama hapo mlangoni."

Utakumbuka uliniuliza kwenye simu siku saa ilipofika, nikakutajia urefu huo huo. Sasa mlango wa yule fundi umejengwa vibaya, mama. Mbao zimevimba kwa mvua, fremu imepanda juu, mtu yeyote akisimama pale anaonekana kama amezama. Fundi akasema futi tano na inchi sita. Sikubishana naye, kibanda ni chake. Akaandika anavyotaka. Lakini ujue kwamba miezi yote ile kila mkono wangu ulipotikisika, saa ilikuwa inanipa hatua ya twiga. Basi na zile kilomita zako tatu nne zipunguze kidogo, na ukipunguza usinihesabie mimi kosa, mhesabie saa.

Kesho yake nikaenda nayo kazini kuipima. Kazi yangu unaijua: nachukua mashuka machafu wodini nayapeleka kwa dobi, nachukua masafi kwa dobi nayapeleka wodini, korido moja kwenda, korido nyingine kurudi, kutwa nzima. Toroli likijaa linanizidi kimo (kimo cha kwa fundi, si changu). Bibi Dobi, yule mama anayesimamia mashine za kufulia, nikamwita awe shahidi. Nikamwonyesha namba iliyoko kwenye saa, nikasukuma toroli mpaka wodi ya wazazi na kurudi, mwendo wangu wa siku zote, ule unaofanya mapazia yapepee. Bibi Dobi akaushika mkono wangu, akakaza macho.

"Injini, saa yako imelala."

"Imelalaje?"

"Namba ni ile ile, imesogea kidogo tu kama mtu anayejigeuza kitandani."

Ndipo nikaelewa. Mtu anayesukuma toroli mikono yake yote miwili imeshika bomba. Haiendi mbele, hairudi nyuma, imetulia kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Miguu huku chini inakata mbuga, na saa huku juu inadhani nimekaa kwenye kiti. Nikaivua nikaifunga kwenye kifundo cha mguu, ndani ya soksi, nikarudia njia ile ile. Mama! Iliponisikia miguu yenyewe ilizinduka, namba zinakimbizana kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Bibi Dobi akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakadhani kuna mapacha wamezaliwa.

Kwa hiyo habari ya mchana imeisha. Mchana natembea sana, ila natembea nimeshika toroli. Muuguzi anayekuletea barua hii amenipisha kwenye korido mara nyingi kuliko nywele zake, muulize.

Ningeweza kuishia hapa, na wewe ungeridhika. Lakini uliniuliza na jioni.

Ulipokuwa unanipongeza zamani, "hongera mjomba kwa matembezi ya jioni", nilikuwa nakujibu asante, kwa sababu niliamini saa inafanya kazi polepole kama karani. Niliona mchana haiandiki kitu, jioni inaandika mfululizo, nikasema moyoni, hii inakusanya ya mchana, ikifika jioni inakaa chini inayanakili. Nikaona ni haki. Sikuwa natembea jioni, mama. Jioni nilikuwa nakaa.

Nimelijua hili juzi tu, kwa bahati. Tulikuwa tumekaa na Bibi Dobi juu ya mafurushi, mashine zimezimwa kidogo umeme ulipokatika. Nikaanza kumhadithia siku ile kamba ya lifti ya hospitali ilipokatika, nikaidaka kwa mkono mmoja, ndani kuna watu na kitanda, na mkono wa pili nikimpungia muuguzi mkuu asije akadhani nina kiburi. Hadithi hiyo huwezi kuisimulia ukiwa umefunga mikono. Kamba lazima uivute, ghorofa kwa ghorofa, na watu walioko ndani lazima watikisike. Nilipowafikisha ghorofa ya tatu, Bibi Dobi hakuwa anaangalia uso wangu. Alikuwa anaangalia mkono.

"Injini," akasema, "umekaa hapo hapo na saa inasema umeshavuka barabara."

Akacheka sana. Mimi nikaiacha lifti pale pale ghorofa ya tatu, jambo ambalo si kawaida yangu, mpaka akaniuliza kama nimejiuma ulimi. Umeme ukarudi, mashine zikaanza kunguruma, akaenda zake.

Mama, zile kilomita za jioni zilikuwa ni Kinyozi.

Sijawahi kukueleza habari zake vizuri. Alikuwa mpangaji wa chumba kinachotazamana na changu, mzee aliyestaafu kunyoa, ndiyo maana tukamwita hivyo. Katikati ya milango yetu kuna benchi la mbao. Kila jioni nilipooga nikabadili shati, yeye alikuwa ameshakaa upande wake, karibu na ukuta, kwa sababu sikio lake zima ni la kulia. Mimi nilikaa upande wa pili, nikasema. Alikuwa mbishi, hujapata kuona. Nikimwambia basi lilikwenda kasi kiasi hiki, anasema "punguza". Nikipunguza, anasema "sasa haina ladha, rudisha". Hadithi ya lifti peke yake aliniagiza kila mara, na kila mara alinitegea mahali pale pale: "Mkono upi ulioshika kamba?" Nikitaja mkono tofauti na wa jana, anapiga paja lake kwa furaha kama mtu aliyemkamata mwizi.

Huko ndiko nilikokuwa naenda kila jioni, na saa uliyonitumia ikanihesabia, hatua kwa hatua, kwa kadiri ninavyorusha mikono. Wewe huko ukaona mjomba anatembea. Wala haikukosea sana.

Binti yake alikuja kumchukua miezi mitatu iliyopita. Alikuja na gari dogo, akapakia godoro na kiti kile cha kuzunguka cha kinyozi. Alisema baba apumzike, amezeeka, akae karibu naye. Ni binti mwenye adabu, kanisalimu vizuri, hata kaniachia kioo. Kinyozi alikaa kiti cha mbele, akanipungia, na gari lilipoanza kuondoka akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mkono upi?" Nikamjibu, lakini upande ule ulikuwa wa sikio bovu.

Simu hasikii. Nilijaribu mara mbili. Anasema "eeh, eeh", halafu anampa binti yake simu, binti ananiambia baba hajambo, anakusalimu. Basi.

Chumba chake sasa anakaa msichana wa kampuni ya simu. Ni mtoto mzuri, ananiamkia kila akipita, lakini masikio yote mawili ameyaziba kwa vile vidude vyake, na akiingia mlango unafungwa. Ana haki, amechoka. Mimi nikioga nabadili shati kama zamani, nakaa kwenye benchi, nawasikia watu wa ghorofa ya juu wanavyoburuta viti kwenda kula, halafu naingia ndani. Kuna siku moja niliianza hadithi ya lifti peke yangu, kwa sauti ya chini, nione kama bado ninayo. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukashuka wenyewe. Nilijihisi kama mtu anayempungia asiyemjua.

Kwa hiyo saa yako kwa upande wa jioni imesema kweli. Jioni siendi popote. Lakini dawa mliyonichagulia ndiyo ninayoikataa. Mkinitoa kazini mtakuwa mmeniongezea jioni, tena itaanza asubuhi. Pale hospitalini nikisukuma toroli kuna mtu kila mlango. Wodi ya wanaume kuna mzee amevunjika nyonga, nikiingia tu ananiambia, "Injini, leo umempita nani?" Naegesha, namwambia kwa ufupi, naondoka kabla muuguzi hajanifukuza. Bibi Dobi ananitukana nikichelewa. Yule daktari wa mifupa huwa ananisimamisha nimsaidie kubisha habari za mpira. Mshahara ni mdogo, unaujua, na toroli gurudumu moja linavuta kushoto kama mbuzi. Lakini nikifika wananitarajia. Nyumbani nitatarajiwa na nani?

Najua mmeamua kwa kunipenda. Kaka yako naye mwambie nimemshukuru na asinune. Siku miguu itakaposhindwa kweli nitasema mwenyewe, tena kwa fahari, nitawaita muione ilivyoshindwa baada ya kazi kubwa. Siku hiyo haijafika. Msimamizi usimpigie.

Nipigie mimi. Jumapili, mchana kama huu, mtoto akishalala na wewe hauko kazini. Nafasi hiyo najua unayo, kwa sababu zamani ndiyo saa uliyokuwa unanitumia pongezi. Usiniulize shinikizo la damu, usiniulize dawa, wala nimekula nini. Niulize tu, "Mjomba, ile ya lifti ilikuwaje?" Halafu kaa kimya usikilize, au bisha, mimi kubishiwa napenda. Simu nitaishika kwa kushoto, mkono wa kulia wenye saa nitauacha ufanye kazi yake, na wewe utaziona hatua zinaingia kwenye simu yako, ujue zinakotoka.

Na ikitokea jioni nyingine umeona saa imeandika sifuri, usiogope miguu. Ujue tu kwamba siku hiyo hakuna aliyeniuliza.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie zile suruali alizoniachia zimenitosha, ila upande wa urefu nimezikata kidogo kwa ajili ya joto. Msalimie kaka yako na wa nyumbani kwake. Mama yako ukimpigia mwambie mdogo wake anakula na analala. Mjukuu wangu mbusu kwenye hilo jino, kama limekubali kutoka.

Mungu awalinde huko mliko, akupe siku zenye nafasi, na safari ya kuja huku uione ingali mapema, mimi nikiwa bado naweza kukupokea stendi na kukubeba pamoja na mizigo yako yote.

Nakupenda, mama, tangu ulipokuwa unalala mabegani,
Mjomba wako,
Injini